Karatasi Kwenye Kona ya Skrini

Mama wa maabara, ambaye kazi yake ni kuchagua kiinitete cha kupandikizwa katika tumbo la uzazi, hakuwa mtu wa kuamini binadamu, sembuse kompyuta. Kila asubuhi huziba kona ya skrini kwa kipande cha karatasi, pale mashine inapotaja kilicho bora, kisha huinamia picha za viinitete, miwani puani, akinong'ona, "Haya wanangu, msinitie aibu." Akishaandika chaguo lake kwa penseli, ndipo huibandua karatasi. Siku ya mwalimu mmoja aliyebakiwa na jaribio moja tu la kupata mimba, mama wa maabara aliandika namba tano; mashine ikasema mbili. Akakitazama tena hicho cha namba mbili, mara tatu, mikono kiunoni, akakosa kasoro ya kukisingizia. "Mbili," akamwambia daktari, kama aliyelambishwa shubiri. Wiki mbili nzima akawa anaitupia jicho simu ya maabara. Simu ilipolia, mwalimu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja: "Imeshika, dada! Mimba imeshika!" Mama wa maabara akashusha pumzi, akaketi, akaipangusa kompyuta vumbi kwa upindo wa koti lake. "Leo umenishinda, mwenzangu," akaiambia. Kisha akakata karatasi nyingine, akaziba kona.