Baba Alivyomfuata Mama Garissa

Maziwa ya Garissa yalinukia moshi. Eedo Dahabo, jirani yetu, aliyaleta kila asubuhi katika chombo kirefu cha kusukwa kwa mizizi, na kabla ya kuyatia maziwa alikuwa amekifukiza chombo kile kwa vijinga vya mti mkavu mpaka harufu ikaingia ndani kabisa. Siku ya kwanza nilipoyaonja niliyatema mchangani, nikamwambia mama kwamba yameungua. Nilikuwa nimetoka Tanga, mtoto wa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa kwa hiliki, na sikujua kama ngamia naye hukamuliwa. Eedo Dahabo, ambaye jina hilo la Eedo kwao Wasomali ni shangazi, alicheka hadi akashika mbavu, kisha akanimiminia tena. Baada ya wiki mbili nilikuwa namsubiri mlangoni na kikombe changu.

Tulifika huko miaka ya mwanzo ya uhuru, vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vikiwa vimepamba moto. Mama alikuwa mkunga. Hospitali ya serikali ya Garissa ilikuwa inatafuta mkunga, tena mwanamke wa Kiislamu ikiwezekana, na wauguzi wa Nairobi kila walipotajiwa Garissa waliugua ghafla. Mama akasikia habari hizo kwa binamu yake wa Mombasa, akaomba, akapewa kazi ya miaka miwili. Kutoka Tanganyika kwenda Kenya ilikuwa ni kwenda ng'ambo, nchi ya watu wenye bendera yao na serikali yao. Lakini ajabu iliyowafanya watu wa mtaa wetu washike vidole midomoni haikuwa hiyo. Ajabu ilikuwa kwamba baba, fundi wa kanzu aliyejulikana Tanga nzima, mwenye duka na wanafunzi watatu, alifunga duka akamfuata mkewe. Shangazi zangu walisema amelishwa kitu. Baba aliwajibu kwamba ndiyo, amelishwa wali wa nazi kwa miaka kumi na ameuzoea. Akakifunga cherehani chake kwa magunia, akatupandisha mimi na wadogo zangu wawili juu ya lori, na tukaingia barabara ya Mto Tana katika msafara uliosindikizwa na wanajeshi.

Nimeishi miji mingi tangu wakati ule na hakuna niliyoipenda kama Garissa. Nasema hivyo nikijua kuwa mchana jua lilitupika, kwamba jioni watu walifungiwa ndani kwa amri ya kafyu, na kwamba mara kwa mara tulisikia milio ya bunduki upande wa ng'ambo ya mto, mama akatulaza chini sakafuni na kutusomesha sura fupi fupi mpaka kunyamaze. Wakubwa waliogopa. Sisi tuliogopa kwa muda wa sura moja tu, kisha tunasukumana kwa viwiko. Asubuhi kulikuwa na mchanga mwekundu wa kuchezea, mbuzi waliopita mlangoni kama wenye nyumba, wanawake wakitoka na ubani ukiwafuata kwenye shuka zao, na mto wa rangi ya chai ya maziwa ambao tulikatazwa kuukaribia kwa sababu ya mamba, na tulioukaribia kila siku.

Aliyeteseka ni baba. Wanaume wa Garissa walivaa shuka kiunoni, nguo inayoshonwa mshono mmoja ubavuni na basi. Wanawake walijifunga vitambaa vyao vizima vizima bila kumhitaji fundi yeyote. Baba alikiweka cherehani barazani, akakifuta vumbi, akakipaka mafuta, akakaa nyuma yake amevaa kofia yake ya kazi, na kwa mwezi mzima alishona foronya zetu wenyewe. Askari walimletea sare zao atie viraka, akazitia. Alipoona majirani wanapita baraza letu wakitazama upande mwingine, akawaambia askari kwamba macho yamemsumbua. Ikawa mama ndiye anayetoka asubuhi na mkoba wake, na baba ndiye anayebaki kutuogesha.

Kisha likaja lile jina. Garissa kila mtu alikuwa na jina la utani, na halikufichwa. Palikuwa na Kilema, palikuwa na Jicho Moja, na walioitwa hivyo waliitika kwa sauti kubwa. Watoto wa mtaa wakampa baba la kwake: Mume wa Daktari. Walimwita hivyo akienda msikitini na akirudi. Kwao ilikuwa heshima, maana mkunga wa hospitali kwao alikuwa daktari, na daktari alikuwa mtu mkubwa. Baba aliinua mkono akatabasamu, lakini mimi niliyetembea naye nimemshika kidole nilihisi kile kidole kikikakamaa.

Siku moja baada ya chakula cha mchana niliwasikia wakizungumza chumbani. Baba alisema msafara unaondoka keshokutwa, na yeye atapanda na watoto.

"Baba Mwanaidi, nimefanya kosa gani?" mama akauliza.

"Hukufanya. Wewe maliza miaka yako, utatukuta Tanga."

"Na mimi nibaki na nani?"

 Mama alikuwa mtu wa kusema, mtu wa kuamrisha wanawake wenye uchungu wasukume na wakasukuma, na siku ile hakuongeza neno. Alitoka akaanza kutukunjia nguo. Alikuwa akikunja gauni langu, analikunjua, analikunja tena. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado hajatimiza miaka mitatu, na mama alikuwa amempakata muda wote huo huku akifanya kazi kwa mkono mmoja.

Niliruka ua nikaenda kulia kwa Eedo Dahabo. Nilimwambia yote: kwamba baba anatuchukua, kwamba mama anabaki peke yake, kwamba msafara ukishaondoka hakuna ajuaye mwingine utakuja lini. Alinifuta kamasi kwa ncha ya shuka yake. Akaniuliza nani amemkosea baba yangu. Nilisema sijui. Akaniambia nikae hapo nile tende, akatoka kwenda kumtafuta mumewe.

Alasiri ya siku ya pili, mizigo yetu ikiwa tayari mlangoni, Haji Bare, mume wa Eedo Dahabo, alikuja na wanaume wengine wawili wa mtaa. Mmoja alibeba sukari na majani ya chai. Haji Bare mwenyewe alikuwa anavuta mbuzi dume mweupe mwenye kichwa cheusi. Eedo Dahabo aliingia ndani kwa mama, nyuma ya pazia, akanivuta kando yake na kuninong'oneza maana ya mambo yale. Kwao mtu akivunjiwa heshima, waliomvunjia humletea kitu cha kumtuliza moyo. Akikipokea, shauri limekwisha na hakuna ruhusa ya kulifufua. Akikikataa, basi ameamua kuondoka na uchungu wake. Kwa hiyo nilijua kwamba kila kitu kimo katika ile kamba ya mbuzi, nikaitazama kamba hiyo kupitia tundu la pazia bila kupepesa.

"Fundi," Haji Bare akasema kwa Kiswahili chake kilichogeuza p kuwa b na v kuwa f, "sisi nauliza kitu moja tu. Nani amekukosea?"

"Hakuna, Haji. Nyinyi ni watu wema sana."

"Kama hakuna, kwa nini natoa watoto kwa mama yao? Mtu mwenye akili hafanyi hifyo bila sababu. Wallahi iko mtu. Sema jina yake, sisi naliba."

Baba alisema tena hakuna. Yule mwenye sukari akauliza kama ni ule wakati wa sare za askari, kama kuna aliyemnyima salamu. Baba akasema yamepita. Mwingine akauliza kama ni watoto na lile jina la Mume wa Daktari, maana wangekatazwa leo leo.  Mbuzi akalia, na hatimaye baba akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Jina si kosa lao. Wamesema kweli. Mimi nimekuja hapa nikawa nakula jasho la mke wangu. Mwanamume hawezi kukaa hivyo."

Haji Bare alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo asilolielewa. Akawageukia wenzake, akawafasiria kwa Kisomali, nao wakashangaa.

"Fundi," akasema, "babu yangu alikula kwa ngamia. Baba yangu alikula kwa ngamia. Dume nafanya nini? Nabiga kelele na kutoa bofu mdomoni. Maziwa iko kwa jike. Haba Garissa sisi wote nakula kwa jike, na mimi sijaona mtu moja ameona aibu."

Nyuma ya pazia mama alicheka. Alijaribu kujiziba kwa khanga, akashindwa, kikatoka kicheko chake cha Tanga, kile kikubwa, ambacho hatukuwa tumekisikia kwa siku nyingi. Baba aligeuka akalitazama pazia. Akaanza kucheka na yeye, mwanzo kwa pua, kisha mabega yote yakamtikisika, mpaka akavua kofia na kujifuta nayo macho. Haji Bare alikuwa bado amenyoosha mkono wenye kamba. Baba akaishika. Nilikimbia uani nikazunguka nyumba mara sijui ngapi, nikipiga vigelegele ambavyo nilikuwa sijavijua vizuri.

Msafara ukaondoka bila sisi. Kazi haikuja mara moja, na baba hakugeuka malaika. Alinuna siku nyingine na kulalamikia joto kana kwamba mama ndiye aliyeliwasha. Lakini malori yaliyotoka Modogashe yalifika na maturubai yaliyochanwa na miiba, na Haji Bare aliyekuwa akifanya biashara ya mifugo aliwajua madereva. Baba, bingwa wa kutarizi kanzu, akajifunza kushona turubai kwa sindano ya gunia, akitukana kimya kimya, viganja vikaota sugu. Mama alipomaliza miaka yake miwili tulirudi Tanga wote watano, juu ya lori moja, chini ya turubai alilolishona yeye. Wadogo zangu hawakumbuki kwamba kulikuwa na siku ambayo tungeweza kugawanyika. Wazazi wangu waliishi pamoja mpaka kifo.

Sasa mimi ni bibi, na nyumba yangu ina watoto tena. Binti yangu ni muuguzi kama bibi yake. Alipata kazi Muscat, kazi nzuri, na mumewe akasema hawezi kwenda kukaa bure kwenye nchi ya watu akingojea mke arudi kazini. Ni kijana mwema, ana kazi yake Dar es Salaam, na mimi ni mkwe. Nilisema mara moja nikanyamaza. Siku walipoagana nilikaa barazani tangu asubuhi. Majirani wetu ni watu wazuri, wanatusalimu kila siku, lakini hakuna aliyegonga kuuliza, wala nisingewalaumu, kwa sababu siku hizi kuuliza ni umbea. Binti akapanda ndege yake, mume akapanda basi lake, watoto wakaja kwangu. Huu ni mwaka wa tatu. Mdogo wao ana miaka minne, anaongea sana, na wageni wanapenda kumchokoza. Ukimwuliza mama yako yuko wapi, anakuonyesha simu.