Kipimo Nilichokiamini Kuliko Papa Ramazani

Nakumbuka, mwanangu, siku moja nilipopita soko la Kasongo nikitembea kama mtu aliyeoa jana. Nilikuwa fundi wa magari, kijana bado, na asubuhi ile nilikuwa nimemaliza kutengeneza kitu ambacho hakuna fundi mwingine pale mjini aliyekuwa nacho. Nilikiita kipimo. Ungekiona leo ungecheka: kipande cha ubao, betri ya pikipiki, taa ndogo, jiwe moja la tochi, yaani betri kavu, na nyaya nilizozichomoa katika redio iliyokufa. Lakini kilifanya kazi. Na kijana ambaye kitu chake kimefanya kazi hashikiki.

Nilikitengeneza kwa ajili ya pikapu ya Amisi. Amisi alikuwa dereva, mtu wa maneno machache, na pikapu yake ya petroli ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Ilienda vizuri saa nzima, kisha ikazimika yenyewe njiani. Ikipumzika, inawaka tena kama haikuwa na neno. Sasa, katika magari yale kuna kifaa kidogo, kinaenea kiganjani, ambacho kazi yake ni kuiamuru bobini itoe cheche za kuwasha petroli. Sisi tunakiita moduli. Kikifa, gari limekufa, na huwezi kukifungua ukaona ndani, kimezibwa. Ndiyo maana nilibuni kile kipimo. Nafunga moduli ubaoni, nagusisha waya wa jiwe la tochi, taa inawaka. Nauondoa, taa inazimika. Niligusa mpaka kidole kikachoka. Taa haikukosea hata mara moja.

Basi nikatangaza kwamba moduli ni nzima, ugonjwa uko kwenye kabureta. Nikaisafisha kabureta, tukauzunguka mji mara mbili, gari likaenda bila kikohozi.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Papa Ramazani. Ndiye aliyenifundisha kushika spana, na karakana ilikuwa yake. Alikichukua kipimo changu, akakigeuza huku na huku, akasema, "Ni kazi muzuri, mwanangu. Umetumia kichwa." Kisha akauliza, "Umeipima wapi?"

"Hapa ku meza, Papa."

"Ku meza iko muzima. Na mu njia, wakati injini iko moto, iko namna gani?"

Nilikichukua kipimo changu mkononi mwake. Nilidhani ni wivu wa mzee anayeona kijana anampita. Nakwambia hivi nikiwa na haya, lakini ndivyo nilivyodhani.

Haukupita muda, alfajiri moja, akafika mtu wa pikipiki kutoka upande wa Wamaza, matope mpaka kifuani. Zaina, dada yangu mkubwa, ambaye tangu utoto nilimwita Yaya, alikuwa na uchungu wa kuzaa usiku na mchana na mtoto hatoki. Mama yetu alifariki nikiwa sijaota meno. Yaya ndiye aliyenitafunia chakula. Muuguzi wa kule alisema apelekwe hospitali ya Kabambare apasuliwe, na kwa hali yake pikipiki haingeweza kumbeba. Amisi hakuuliza mengi. Alisema, "Twende."

Papa Ramazani alitukuta tukijaza petroli. Alikuja akihema, na mkononi ana kitu alichokifunga katika kitambaa.

"Beba hii," akaniambia. "Ni moduli ya zamani, niliitoa ku gari ingine. Haina sura, lakini inafanya kazi. Tia mu mufuko tu."

Mfukoni nafasi ilikuwepo, mwanangu. Kile kitu kilikuwa chepesi kuliko ndizi. Nami mbele ya watu nikamwambia, "Papa, nitabeba maiti ya kazi gani? Ya kwetu nimeipima."

Mzee akakikunja kitambaa chake. Akasema, "Mungu awatangulie," akarudi karakana.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba mara nyingine guu linalovunjika si lake.

Tulikwenda siku nzima na mvua ikitupiga, na gari halikuzimika hata mara moja. Mimi nikawa namwambia Amisi, "Umeona?" Kumbe ile mvua ndiyo iliyokuwa inalipoza. Tulifika kwa Yaya giza likiingia, na njia kwa utelezi ule haikupitika tena mpaka kupambazuke. Kulipokucha tukamlaza Yaya nyuma ya pikapu juu ya godoro, mume wake Musafiri amekaa kando yake akimshikia mwavuli. Yaya alinitazama akatabasamu. "Mudogo wangu umekuwa mukubwa," alisema. "Umekuja na gari."

Siku ile mvua haikurudi. Jua lilipopanda, tulikuwa tunapanda vilima kwa gia ya kwanza, injini inachemka, na katikati ya mlima mmoja gari likazimika. Tukangoja, likawaka, tukaenda kidogo, likazimika. Safari ya tatu halikuwaka; kwa jua lile hata boneti haikushikika.

Amisi akaniambia taratibu, "Fundi, ugonjwa haiko mu ile moduli?"

"Nimeipima!" nikamfokea. "Ni kabureta!"

Mwanangu, niliifungua kabureta nikaisafisha. Nikaifunga. Nikaifungua tena. Jua lilitoka kichwani likahamia mgongoni, na mimi bado natafuta uchafu mahali ambapo uchafu haukuwepo. Musafiri alikimbia kwa miguu kutafuta kijiji, aombe vijana waje na kipoyi, machela ya miti, wambebe mabegani. Amisi alimwaga maji ya kunywa kwenye kitambaa akampangusa Yaya uso. Yaya hakuwa akilia tena, na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona ni nafuu.

Akaniita. Nilikwenda na mikono yangu ya mafuta.

"Acha gari," alisema. "Ikaa hapa na mimi."

"Yaya, kidogo tu, bado kidogo inawaka."

"Ikaa."

Sikukaa. Nilirudi kwenye injini. Niliposikia Amisi ananiita jina langu, badala ya kuniita fundi, nilijua. Watu wa kipoyi walifika na Musafiri mbele yao, wakamkuta Yaya na mtoto tumboni wamekwenda. Walimbeba hivyohivyo, kumrudisha nyumbani kwake.

Baada ya mazishi nilirudi Kasongo. Nilichemsha maji katika sufuria, nikaiweka ile moduli ya Amisi juu ya kifuniko mpaka ikawa haishikiki, nikaifunga kwenye kipimo. Nikagusa. Taa ikawaka. Nikagusa tena, ikawaka kwa unyonge. Mara ya tatu nikagusa, nikashikilia, nikakaza, hakuna kitu. Ikipoa inapona, ikipata moto inakufa. Jambo la muda wa kuchemsha chai, na sikulifanya.

Papa Ramazani alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilitamani anipige. Alisema, "Kipimo yako haikukudanganya. Ilijibu kile uliuliza. Maneno mengine uliongeza wewe." Kisha akakaa chini pamoja nami, na hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipokufa.

Lakini hilo si zito kuliko yote. Siku ya tatu ya msiba, kabla sijarudi Kasongo, Musafiri alinishika mikono miwili mbele ya wazee, akasema, "Shemeji, ulipigana na ile gari mpaka mwisho. Aksanti." Hakujua habari ya kitambaa cha Papa Ramazani. Amisi alijua, akainamisha kichwa. Nami nikaipokea ile aksanti. Nilijiambia nitamweleza wakati uchungu umepungua. Uchungu ukapungua, nikasema mwaka ujao. Musafiri akahama, akaugua huko alikohamia, akafa akiniita mtu mwema. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuwa mzee kama mimi, na tunaishi nyumba moja.

Watu huniambia Mungu amenisamehe. Huenda. Lakini waliopaswa kunisamehe hawapo, na mimi sina mahali pa kupeleka ombi langu. Sikudanganyi kwamba moyo hupona.

Basi nisikilize, wewe ambaye mikono yako ni myepesi na akili yako ni kali. Tengeneza vitu, sikukatazi. Lakini ukikipima kitu, kipime katika taabu ile kitakayokutana nayo, na pale kipimo kinaponyamaza, wewe pia nyamaza. Sema "sijui", neno hilo halijamuua mtu. Mkubwa akikunyooshea kitu cha akiba, kipokee hata kama moyoni unacheka. Mgonjwa akikuambia kaa, kaa. Na ukikosa, mwambie uliyemkosea angali hai, hata kama atakufukuza mlangoni kwake, maana mlango huo hauko wazi siku zote.

Mungu akulinde na uhakika wa ujana. Akupe mikono yenye ujuzi na masikio yanayosikia, na akuepushe na shukrani usiyostahili. Uzeeke vizuri kuliko mimi, mwanangu. Amina.