Gemu letu la utotoni limerudi, ila kindi amekataa kufa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Ninachoandika kimetokea nyumbani kwetu Tabora na sijaongeza chumvi. Hata ningetaka, dada yangu naye ni member humu, anasomaga kimya kimya, angeniumbua.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Marehemu baba alikuwa fundi redio hapa mjini. Kuna mteja alileta mashine ya gemu, ikatengenezwa, mwenyewe hakurudi tena. Baba akatuambia, "Chezeni, ila mwenye mali akija aikute nzima." Nadhani mpaka anafariki alikuwa bado anamsubiri yule mtu.

Ilikuja na kaseti moja tu. Kindi mwenye mkoba anakimbia, anaruka mashimo, basi. Jina lake lilikuwa kwa maandishi ya Kijapani, sisi tukaliita Kindi.

Sheria ya nyumbani ilikuwa hii: unacheza mpaka ufe. Ukifa, unampa mwenzako pad bila maneno, naye anaanza hiyo level upya. Tulikuwa wawili, mimi na dada Nasra.

Level tulizipa majina ya stesheni, maana likizo tulikuwa tunapanda treni kwenda Kigoma kwa mama mkubwa. Ya kwanza Tabora, halafu Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, mwisho Kigoma. Watu wa Usinge mtusamehe, level hazikutosha.

Nguruka ilikuwa ya maji na magogo yanayozama. Hapo ndipo tulipokwama utoto wote. Kigoma hatukuwahi kuiona.

Sasa, Nasra akaolewa Nzega, mimi nikabaki hapa. Taratibu tukawa ndugu wa kukutana kwenye harusi na misiba. Shikamoo dada, marahaba, watoto hawajambo, imeisha hiyo.

Mwaka huu shemeji kapata kazi Maskati, familia nzima inahama. Roho iliniuma, wakuu. Kama akiwa Nzega tu tumefikia hapo, akishavuka huko si ndiyo tutasahauliana kabisa?

Katikati ya mawazo hayo nakutana na trailer: Kindi amerudi, mpya kabisa. Nikashusha, bando likateketea lote. Nikampigia simu: "Dada, kabla hujaondoka njoo tufike Kigoma."

Akaja Jumamosi. Baada ya alasiri nikaunganisha laptop kwenye TV, sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, pembeni, nikashika pad.

Graphics ni moto, sitaki kusema uongo. Manyoya ya kindi unayaona yanapepea.

Ila kindi wa siku hizi anaongea, na hanyamazi. "Ruka sasa! Safi sana!" Kuna mshale unakuonyesha njia. Ukitumbukia shimoni, linakuja povu linakudaka, linakuvusha ng'ambo, safari inaendelea.

Usoke nikapita. Urambo, Kaliua. Nguruka yenyewe nimeivuka huku natafuna. Uvinza nayo nikapita, nikaingia Kigoma, fataki zikarushwa, majina ya watengenezaji yakaanza kupita kwenye screen.

Sikusikia chochote moyoni. Nikabaki najiuliza, hivi ni umri? Ni ule muziki wao mpya? Mashimo ni yaleyale, kindi ni yuleyule, kimepungua nini?

Nikageuka nimuulize Nasra. Alikuwa mkekani anaviringisha chupa za asali kwenye nguo zisije zikavunjika safarini.

"Tumefika?" akauliza, kwa sauti ya mgeni anayesema ameshiba.

Ndipo nikashtuka. Pad ilikuwa mkononi mwangu tangu Tabora. Sikufa njia nzima, kwa hiyo zamu yake haikufika.

Nikarudi mwanzo, nikajitupa shimoni makusudi. Povu likanitoa. Nikajitupa tena, likanitoa, na kindi akanipongeza.

"Wewe unafanya nini?"

"Nataka kufa nikupe zamu, linanikatalia."

Nasra alicheka mpaka akaiweka chupa chini. Akasogea. "Povu likikugusa umekufa. Lete hapa."

Ikawa ndiyo sheria. Tumecheza mpaka adhana ya magharibi, tunalaumiana, ananifinya nikijifanya povu halikunigusa. Na katikati ya kupokezana pad, bila kunitazama, akaniambia Maskati anaiogopa. "Huko hakuna hata mmoja anayenijua tangu mdogo." Nikamwambia mimi nipo. Hatukuwa tumeongea hivyo tangu aolewe.

Nguruka ikatushinda tena. Kesho yake akarudi Nzega kumalizia mizigo.

Nilichojifunza: hawa jamaa walirudisha kila kitu wakaondoa kufa, wakidhani wanatusaidia. Hawakujua kufa ndiko kulikokuwa kunampa mwenzako nafasi. Sisi tulidhani tunalipenda gemu, kumbe tulikuwa tunapenda kupokezana.

Juzi kanitumia voice note kutoka Maskati. Haina shikamoo wala watoto hawajambo: "Mara ya mwisho ulikufa wewe. Hiyo Nguruka ni yangu, naijia likizo, usiiguse."

Mnaojua settings, lile povu linazimwaje? Na nyumbani kwenu mlikuwa na sheria gani ya pad? Semeni hapa chini, nasoma zote.

Ila asije mtu kunishauri nikamalizie Kigoma mwenyewe. Si zamu yangu.