Chapati za Wasiompigia Kura

Ijumaa, katika basi la kampuni kutoka kambi za wafanyakazi za Sanaiya, huku ughaibuni, mlinzi anayegombea uenyekiti wa chama chetu cha Wakenya alikuwa akitaja kambi atakazozuru.

“Na Al Mansoura?” nikamuuliza.

“Niende kufanya nini? Manesi wa huko watampa kura nesi mwenzao anayeshindana nami.”

Dereva akamtazama kwenye kioo. “Ndugu, nesi akifariki huku, si mwenyekiti ndiye huhangaika mwili ufike nyumbani? Ama utauliza kwanza alimpigia nani kura?”

Tulipofika Al Mansoura, mgombea akashuka.

Jioni nikamuuliza ameahidiwa kura ngapi.

“Hakuna,” akasema, akijipangusa mafuta midomoni. “Lakini nimepewa chapati tatu.”

Mimi nilishamwahidi yule nesi kura yangu. Sasa sijui nitamwambia nini.