Sponji Lililofukizwa Udi

Mama yangu alikuwa akiishi kwangu Chake Chake, lakini ukimuuliza anakwambia yumo safarini. Baba alipofariki na eda ikamalizika, nilimchukua kutoka Gando asikae peke yake, naye akaja na mkoba mmoja tu wa nguo. Mbuzi yake ya kukunia nazi aliiacha kule makusudi. "Mgeni habebi mbuzi," alisema, na kila akikalia yangu analalamika kwamba meno yake butu. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilishika siku ya kwanza, na ugeni hakuuacha. Kila Ijumaa baada ya chakula alitangaza kuwa wiki ijayo anarudi kwake, na mimi natafuta kisingizio cha kumzuia.

Kilichombakisha ni samaki. Mwalimu mwenzangu alihamishiwa Unguja akaniachia tangi dogo la kioo lenye visamaki sita vya mapambo, vyenye mikia mipana ya rangi rangi. Mama, mke wa mvuvi, mtu aliyepara samaki umri wake wote, aliwatazama akidhani ni kitoweo, akauliza, "Wano waliwa lini?" Kesho yake nikamkuta ameweka kibao mbele ya tangi, amekaa. Haukupita muda akawa anawapa habari za mtaa mzima. Tangu tumzike baba sikuwa nimemsikia akizungumza vile, na nikaapa kuwa samaki hawa hawafi.

Nao walikuwa njiani kufa, kwa sababu maji yalianza kufanana na yaliyooshewa mchele. Chujio la dukani mpaka uagize Unguja, na mimi subira sikujaaliwa. Pampu ndogo ya hewa ilikuja na tangi, kwa hiyo nikaamua kilichobaki nitakiunda mwenyewe. Fundi makochi alinipa kipande cha sponji. Nikachukua kijibomba cha plastiki, nikakitoboa matundu kwa msumari niliouchoma kwenye jiko la mkaa, nikajichoma kidole, nikamkasirikia kila aliyekuwamo nyumbani. Mume wangu alichungulia akauliza kama nataka kurusha roketi. Nikalivisha bomba sponji, nikalifunga jiwe chini lisielee, nikauingiza ndani yake mpira wa dripu unaotoka kwenye pampu.

Hewa ikapanda ndani ya bomba, ikavuta maji, maji yakapita kwenye sponji na uchafu ukabaki humo. Baada ya wiki chache tangi liling'aa na sponji likawa la rangi ya kahawa, jambo ambalo ndilo hasa linalotakiwa. Ndani ya sponji huota vijidudu visivyoonekana, na ndivyo vinavyokula sumu ya mavi ya samaki. Hayo niliyajua mimi. Mama sikumwambia, maana nilikuwa nimeshughulika kujisifu.

Ukakaribia mfungo. Kwetu kabla ya Ramadhani nyumba husafishwa mpaka mchanga ushangae: mapazia yanafuliwa, makabati yanavutwa, vyombo vinasuguliwa kwa majivu. Nilirudi skuli mchana, nikapokewa na harufu ya udi tangu mlangoni. Nikafurahi. Kisha nikaona tangi limejaa povu mpaka linamwagika sakafuni, na samaki wamening'inia juu, midomo wazi.

"Nimelitoa lile dude lako," mama alisema, kajaa furaha. "Lilikuwa chafu, mwanangu, aibu. Nimelifua kwa sabuni, nikalianika likakauka, nikalifukiza udi, nikalirudisha. Hatuwezi kuingia mwezi mtukufu na uchafu ule kuno ndani."

Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele. Nikachomoa pampu, nikawahamishia samaki kwenye beseni la maji ya kisima, huku nikimweleza mama kwa sauti ambayo binti hamtolei mamake. Watano walipona. Mmoja alifia mkononi mwangu.

Mama alimchukua yule samaki, akamfunga kwenye jani la mgomba, akamfukia nyuma ya nyumba, yeye ambaye maelfu aliwatia kwenye mafuta bila kupepesa macho. Aliporudi aliingia chumbani. Nilipomfuata, mkoba ulikuwa kitandani na nguo zimeshakunjwa.

"Nitakuharibia mengine," alisema. "Bora nende kwangu."

Niliogopa kweli. Nikamwomba radhi kwanza, kisha nikamwambia lililokuwa kweli tupu: nitaunda sponji jipya, lakini litakuwa halina wakaazi, vile vijidudu vinavyokula sumu, na mpaka wahamie, tangi lazima lipunguzwe maji na kuongezwa mengine kila asubuhi. Mimi alfajiri nimo mbioni kwenda skuli. Mume wangu hata chai yake husahau.

Aliushika mkanda wa mkoba. "Ya kisima au ya mfereji?" akauliza.

"Ya kisima, mama. Kwa kikombe, polepole."

Asubuhi nilimkuta amefunga kanga kiunoni, anamimina. Niliaga nikafika mlangoni.

"Mwambie mumeo," alisema bila kugeuka, "akipita Gando anitwalie mbuzi yangu. Hii yako haikuni."

Kipindi cha kwanza siku ile nilichelewa. Nilikuwa nyuma ya mlango, nalia kwa furaha.