Chumba cha Mbele, Juu Kabisa

"Chini ya chumba hicho kuna nini?"

Swali hilo aliniuliza bibi yangu, Bibi Somoe, asubuhi moja ambayo sijaisahau mpaka leo, nyumbani kwake Newala. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua choroko, nami nilikuwa nimemwonyesha kwenye simu picha ya chumba cha meli alicholipiwa na mjomba: kitanda cheupe, dirisha kubwa, pazia la buluu. Aliitazama picha muda mrefu, akanirudishia simu, ndipo akauliza. Nikamwambia sijui. "Na juu yake?" Nikamwambia hilo nalo sijui. Akarudi kwenye choroko zake.

Mwanangu Salma, nakuita mwanangu ingawa tumepishana miaka michache tu na kimo umenizidi, kwa sababu umezaliwa na dada yangu, na kwetu mama mdogo ni mama. Jana umenitumia picha za vyumba vitatu vya meli ileile, ukaniuliza umchukulie kipi mama mkwe wako mtakapokwenda Unguja. Ukaongeza kwamba mumeo amependa cha mbele, juu kabisa, kwa kuwa ndicho cha heshima. Nilipofika kwenye neno hilo niliiweka simu mezani nikatoka nje. Nilidhani hasira ile imekwisha. Kumbe ilikuwa imekaa tu mahali inanisubiri. Kwa hiyo univumilie, sitakujibu kwa mstari mmoja.

Bibi Somoe alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, Bibi Fatu, aliyeolewa Unguja tangu usichana wao. Ikaja habari kwamba Bibi Fatu ni mgonjwa, hali chakula, na kila anayeingia chumbani anamuuliza Somoe yuko wapi. Bibi alitaka jambo moja tu, akae na dada yake, wazungumze, kabla hawajachelewa. Hakuomba kingine. Lakini nyonga ilikuwa imemharibikia, na safari ya basi mpaka Dar es Salaam, halafu boti, asingeiweza. Ndipo mjomba akasikia kuna meli inayoanzia Mtwara, ina vyumba vya kulala, inachukua watalii na watu wa kawaida kama sisi. Bibi angelala kitandani mpaka anafika. Wazo lilikuwa zuri. Hilo simnyimi mjomba.

Mjomba Hamisi, kaka yake mama yangu, ndiye mtoto pekee wa kiume wa Bibi, na ana duka la vifaa vya ujenzi Masasi mjini. Unajua mwenyewe sisi ni watu wa upande wa mama. Mjomba akisema, imesemwa. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimemaliza chuo, na tangu utotoni nina ugonjwa wa kuuliza kwa nini, kwa hiyo nikampigia simu. Shikamoo mjomba, marahaba, hujambo, sijambo, halafu nikamuuliza kwa nini chumba cha mbele, na kwa nini juu.

"Mama yangu halali chini watu wakampita kichwani," akasema. Kwake maneno yalikuwa yamekwisha.

Nikuambie ukweli, kwa mila zetu alikuwa sahihi. Mtu mzima halazwi pale wengine wanaporuka kupita. Kwenye shughuli anaketishwa mbele. Hata siku ile mimi, Bibi na mjomba tulipopanda basi Newala kwenda Mtwara, tulipofika Tandahimba kondakta alimwona Bibi anavyohangaika na nyonga kiti cha nyuma, akamgeukia kijana aliyekaa karibu na dereva. "Mpishe mama yetu, wewe mgongo wako bado mpya." Basi zima likacheka, kijana akahama, Bibi akakaa mbele, na kweli kuanzia pale hakurushwa tena. Waliobaki nyuma walikuwa wanapaa kila tukivuka tuta. Mjomba aligeuka akaniangalia. "Unaona? Mbele ni mbele tu."

Lakini nani alimwambia kwamba meli ni basi? Hilo ndilo linalonichoma. Sisi watu wa huku juu, nyanda za juu, hatuna bahari, tuna mabasi, na tukipewa chombo kingine chochote tunakipima kwa basi. Kutojua si kosa. Ninachokasirikia ni kujifanya unajua kwa sababu wewe ndiye mkubwa mahali pale.

Na yule wakala wa tiketi, naye simsamehe. Nilikwenda ofisini kwake Masasi nikaomba kuona mchoro wa meli, vyumba vimepangwaje, kipi kiko juu ya kipi. Akatabasamu, akaniambia vyumba vyote ni sawa, tofauti ni mandhari. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kulala ndani ya meli hiyo. "Dada, mjomba wako ameridhika," akasema, "wewe unahangaika na nini?" Alikuwa amemsikia mjomba anavyolitamka neno heshima, akajua amuuzie nini.

Tulipanda asubuhi. Saa za mwanzo zilikuwa nzuri, na nataka uzijue, maana ndizo za mwisho nilizomwona Bibi akicheka kwa sauti. Chumba kilikuwa na bomba lake. Bibi amezeeka Newala, maji kwake ni kitu cha kusubiriwa na kupimwa kwa kata. Alifungua bomba, akafunga, akafungua, akaniuliza maji haya wanayapandishia wapi. Mama mmoja wa chumba cha jirani alikuwa ananawa mlango wazi, bomba linamwagika tu huku anaongea na simu. Bibi akamwendea na mkongojo wake. "Funga mwanangu, kesho mtakunywa nini?" Yule mama akatazama dirishani, bahari imejaa mpaka mwisho wa macho, akamtazama Bibi, akafunga. Tulicheka mpaka Bibi akashika ubavu.

Tulipotoka kwenye maji ya bandari, upepo ukaanza.

Mwanangu, chukua mwiko. Ushike katikati kwa vidole viwili, kisha uutikise. Kichwa kinaruka, mkia unaruka, lakini pale uliposhika pametulia. Meli ndivyo ilivyo. Ukilala kwenye pua yake unapandishwa na kuangushwa kila wimbi linapopita, na kadiri ulivyo juu ndivyo unavyoyumbishwa pia kushoto na kulia. Sisi tulikuwa mbele, na tulikuwa juu kabisa. Dirisha kubwa tulilosifiwa lilionyesha mbingu, halafu maji, halafu mbingu. Bibi alifumba macho asilione. Alitapika chai, akatapika maji, ikafika hatua anatapika na hakuna kinachotoka. Juu yetu, kwenye sitaha ya wazi isiyo na vyumba, kulikuwa na sehemu ya kupumzikia, watu wanaburuta viti na muziki unapigwa, kila mguu tunausikia. Jioni meli iliposimama kusubiri zamu yake ya kuingia bandari ya njiani, nikajua na kilichokuwa chini yetu. Mnyororo wa nanga. Ulipoteremshwa, kitanda kilitetemeka kama tumewekwa juu ya mashine ya kusaga, na Bibi akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

Kabla ya hapo, mchana, nilikwenda kwa mhudumu. Akaniambia vipo vyumba vitupu katikati ya meli, ghorofa ya chini, wamebakiwa navyo kwa sababu havina madirisha na watu hawavitaki. Nilikwenda nikaingia kimoja. Glasi ya maji ilikuwa juu ya meza, imetulia. Nikarudi mbio, nikagonga kwa mjomba.

Alitoka ameshika ukuta, uso umempauka, naye bahari ilikuwa imemshika ingawa hakutaka kusema. Nikamweleza. Akatazama kushoto na kulia kwenye korido.

"Humu ndani kuna watu wa Masasi," akasema kwa sauti ya chini. "Unataka wakasimulie nimemteremsha mama yangu, nimemweka shimoni bila dirisha?"

"Watu wa Masasi hawatapiki, mjomba. Anayetapika ni mama yako."

"Chuo kimekufundisha mdomo."

"Basi njoo umwangalie."

Alikuja. Alisimama mlangoni, na kwa kitambo kidogo nilidhani atakubali, maana nilimwona midomo inamcheza. Mlango wa jirani ulikuwa wazi. Akamuuliza Bibi kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia, "Mama, hapa si pazuri?" Na Bibi, hata kichwa hakuweza kukiinua, akajibu, "Pazuri, baba. Pananitosha." Mjomba akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi, akaondoka.

Nilipombembeleza Bibi tuhame bila ruhusa ya mtu, alisema neno moja. "Usimvue nguo mwanangu mbele za watu." Nikakaa. Nilimshikia beseni mpaka tulipofika.

Unguja hakuteremka kwa miguu yake. Walimchukua kwenye kiti cha magurudumu moja kwa moja mpaka hospitali, mwili umekauka maji, presha imeshuka, wakamtundikia dripu. Daktari alisema hakuna kumwinua kitandani wala kumpandisha gari mpaka apate nguvu. Nyumba ya Bibi Fatu haikuwa mbali na hospitali ile. Nilikwenda mimi badala yake, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwamkia. Bibi Fatu akanipapasa uso, akauliza kama Somoe amefika. Nikamwambia amefika, amepumzika, anakuja. "Mwambieni asichelewe," akasema. Kisha akaniuliza kama Somoe bado anaogopa mjusi. Ulikuwa utani wao wa utotoni, na mimi nikaujibu bila kuujua.

Bibi Fatu alifariki dada yake akiwa bado kwenye dripu. Bibi Somoe alifikishwa kwenye nyumba ya dada yake wakati wanawake wameshakaa matanga.

Mjomba alisema ni mipango ya Mungu. Mwanangu, mipango ya Mungu siikatai, na wala sisemi Bibi Fatu angeishi. Ninachokataa ni kumtwika Mungu chumba alichochagua mjomba. Nilimwambia hivyo palepale, matangani, mbele ya watu, tukaacha kusalimiana muda mrefu. Wakubwa wakaniita, wakaniambia niombe radhi kwa kumkosea mjomba, nikaomba radhi kwa sauti niliyoitumia. Maneno yenyewe sikuyaombea radhi na leo siyaombei.

Sasa nisikilize vizuri. Chukua chumba cha katikati ya meli, kwa urefu wake, na kiwe ghorofa ya chini. Kikikosa dirisha, kikose. Mama mkwe wako hasafiri kwenda kutazama dirisha. Lakini usiende nyuma kabisa ukidhani umekimbia mbele, kwa sababu huko kuna injini na mtetemeko wake. Omba mchoro wa meli nzima, na wakala akikwambia vyumba vyote ni sawa, tafuta wakala mwingine. Uangalie kilicho juu na kilicho chini, maana unaweza kupata katikati nzuri kabisa ukajikuta chini ya jiko, sufuria zinaanza kugongwa kabla ya alfajiri. Chumba kilichozungukwa na vyumba vingine vya kulala ndicho kimya. Kisiwe jirani na ngazi, watu wanapita pale usiku kucha wanaongea. Ila kisiwe mbali nazo mno, kwa sababu umesema magoti yanamsumbua.

Mumeo akisema kwamba kumweka mama yake chini ni kumvunjia heshima, usimjibu kwa jeuri kama nilivyojibu mimi. Mpe mwiko ashike katikati autikise. Kama bado anabisha, basi bishana naye nyumbani, na ubishane mpaka mwisho, kabla hamjafika melini penye korido na majirani. Huko mzazi atamlinda mwanawe hata kama yeye mwenyewe anaumia, na wewe utabaki umeshika beseni.

Na kabla ya yote hayo, kaa chini karibu na mama mkwe wako, muulize yeye anataka kulala wapi. Muulize mkiwa wawili tu, kwa utulivu, asiwepo mtu wa kumwonea haya. Nasi tuna tabia ya kuwaheshimu wazee wetu mpaka tunasahau kwamba wana midomo. Tunawachagulia kitanda, chakula na hata daktari, halafu tunawauliza kama si pazuri. Mimi heshima ya namna hiyo siitaki, na nikizeeka usinipe.

Mungu akupe safari ya salama, mwanangu. Bahari iwatulie kwenda na kurudi. Akujalie mume anayesikia, na mama mkwe wako afike akiwa amesimama kwa miguu yake, aingie kwenye nyumba aliyokusudia na kumkuta anayemfuata yu hai.

Bibi Somoe alifariki mwaka juzi. Baada ya arobaini yake niliendelea kukaa na shangazi yake mama, mwanamke mkongwe wa Newala aliyekua pamoja na Bibi, na tukiwa tunapepeta mtama akanisimulia harusi ya Bibi Fatu. Wakati bibi harusi anapelekwa Unguja, alisindikizwa na mdogo wake, Somoe, kwa meli, kutoka Mtwara, kwenda na kurudi. Katika sisi wote tuliopanda siku ile, Bibi ndiye peke yake aliyekuwa amewahi kulala baharini.