Kuifuata Bisikleti ya Kijani Likasi Kabla ya Jumamosi

Niliondoka Lubumbashi kwa kuwaogopa mafundi wa kulehemu. Sisi wenye ugonjwa wa VTT za zamani, zile bisikleti za mlima zenye gia nyingi na matairi ya meno walizoziacha wageni wa migodini walipokimbia uporaji, tunamwogopa fundi huyo kuliko vita. Vita vilikuwa mbali mashariki, lakini njaa yake ilishafika kwetu. Treni ililala, na mshahara wa mgodini ulikuwa hadithi ya wazee. Aliyekosa mshahara aliingia kwenye biashara ya makala, ndiyo makaa ya kuni kwetu, na kwa makala bisikleti lazima ishonewe nondo kwenye uma na fremu, gia zikatwe, ibebe magunia matano. Kila siku VTT moja ilikuwa inageuzwa ng'ombe.

Jumatano jioni, Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la jumla pale Makomeno, alirudi na lori lake kutoka Likasi.

"Nimeona ingine ya kijani," akaniambia. "Rangi yake ya kuzaliwa. Iko kwa mujane mumoja, Mama Ngoie. Jumamosi banaipeleka kwa fundi wa kusuder."

"Na fremu? Haijaguswa?"

"Ndugu, miye nauzishaka sukari. Wenda ujionee."

Alhamisi, jua halijatoka, nilikuwa mlangoni kwangu mtaa wa Hewa Bora na bisikleti yangu nyeusi ya mizigo, iliyokwisha kushonewa nondo, nzito kama kanisa na waumini ndani. Hiyo ndiyo niliyotaka kubadilishana na ile ya kijani. VTT zangu nne zilibaki ukutani. Mke wangu alisimama ameshika taa.

"Baba Trésor, unaenda na kinga moja, utarudia na kinga moja. Unaenda kufanya nini?"

Kinga ndiyo bisikleti kwetu. Nilikuwa na jibu refu sana, kwa hiyo nikapanda.

Saa moja asubuhi nilikuwa napita mtaa wa Golf, kwenye majumba yenye kuta ndefu. Walinzi wakaniuliza makala yangu imebaki wapi. Baada ya hapo ni barabara ya Likasi, kama ukipenda kuiita barabara. Kuna shimo niliingia asubuhi nikatoka mchana, na chini nilisalimiana na watu. Vichuguu vya kule ni virefu kuliko yale majumba ya Golf, na mchwa hawalipi kodi. Mwalimu wetu wa jiografia, shule ya usiku, alitufundisha kwamba Likasi ni kilomita mia na ishirini. Yeye alizipima kwa rula.

Jioni nililala Luisha kwa mama mmoja muuza munkoyo. Alinipa mkeka, bukari, ugali wetu, na vikombe vitatu vya ile munkoyo ya mahindi, kisha akaniuliza nimemuua nani huko Lubumbashi hata nikimbie na chuma kile.

Ijumaa saa nane mchana niliingia Likasi. Uwanja wa Mama Ngoie ulikuwa umefagiwa safi, na bisikleti ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko. Nilisahau kusalimu. Kijani chake kilikuwa kama jani la sombe, la muhogo, lililonyeshewa. Gia zote zilikuwepo. Breki zilikuwa zile nene za mwanzo kabisa, ambazo Lubumbashi nzima huzikuti.

"Weye njo ule muntu ya ba-kinga," mama alisema. Alikuwa mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. "Kambale aliniambia. Alisema utaangalia kinga mbele, miye nyuma."

Niliomba msamaha, nikamweleza shauri langu: achukue yangu, iko tayari, asimlipe fundi hata senti. Aliikagua ile nyeusi muda mrefu.

"Kinga ya muzigo, hatuipimake na macho, baba."

Akaipakia magunia matatu ya makala, akayafunga kwa mipira ya matairi, akafunga fimbo ya kusukumia, akanionyesha kilima. Kilima kile kinaanza mwezi wa sita na kuisha Noeli. Majirani walitoka na viti vyao. Mmoja akasema, "Huyu baba wa Lubumbashi anasukuma sawa vile anaomba musamaha." Mama alitembea kando yangu akinifundisha: usisukume kwa mikono, lalia fimbo kwa bega, uache muzigo utafute njia. Tulifika juu. Nondo hazikulia, mimi nililia kidogo.

"Iko muzuri," akasema. "Sasa geuza yako, magurudumu juu."

Niliigeuza ile ya kijani. Chini kabisa, pale mabomba ya fremu yanapokutana kwenye pedali, palikuwa na mshono wa shaba ya manjano.

"Ilipasukaka pale," akasema. "Bwana yangu, Mulongo, njo aliunga, kule atelier, karakana ya mugodi. Siku tatu. Alikufaka mwaka jana. Sikutaka uende bila kujua. Ukikatala, ni sawa."

Kwetu wakusanyaji, fremu iliyounganishwa ni maiti. Huiweki ukutani na zingine. Siku mbili nilikimbia ili nimwahi fundi, na fundi alikwisha kupita miaka mingi kabla yangu. Niliinama. Ule mshono ulikuwa mwembamba kama uzi, umesuguliwa hadi kidole hakiusikii.

"Mama, na kesho ulitaka fundi mwingine aichome juu ya mshono huu?"

"Batoto banakula kila siku, baba."

Nikamkabidhi ile nyeusi. Yeye akapiga kiti cha VTT kwa kiganja mara mbili, kama anavyofanya mtu kwa mtoto anayekwenda shule, akaingia jikoni.

Jumamosi niliruka kurudi. Kwenye mteremko kabla ya Luisha gurudumu la mbele lilizama shimoni kwa kishindo ambacho hakika walikisikia Zambia. Nilisubiri fremu ilie. Ilikaa kimya. Kwenye kizuizi askari aliizunguka mara mbili, akauliza inabeba magunia mangapi. Nikasema hata moja. Alinihurumia, akateremsha kamba.

Jumapili nyumbani, mke wangu alihesabu: moja.

Nilichojifunza ni kusukuma kwa bega, na kingine hiki. Wenzangu wakija kuikagua, naigeuza magurudumu juu kwanza, kabla rangi haijawalevya. Wawili wameshaniambia niitoe ukutani. Haitoki. Zile nne nyingine hazina mshono, na aliyezitengeneza simjui. Hii nikiulizwa ni kazi ya nani, najibu: Mulongo, wa Likasi.